Kwanza, Injini Ni ya Mwaka Gani?

Mwanagenzi anapofika kwa mara ya kwanza kwenye kundi la wapenzi wa pikapu za dizeli hapa Ohio, Marekani, kwa kawaida huja na swali ambalo, jinsi alivyoliuliza, halina jibu. Husema gari lake linatoa moshi, au limepoteza nguvu mlimani, au linakataa kuwaka asubuhi, kisha husubiri aambiwe akanunue nini. Wakongwe hawamwambii. Humuuliza injini ni ya mwaka gani, pampu ya mafuta ni ya aina ipi, moshi una rangi gani, unatoka injini ikiwa ya baridi au ikishapata moto, na kama maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovujia. Asiyewazoea anaweza kudhani anahojiwa kama mshitakiwa. Mimi, baada ya kukaa nao kwa miaka kadhaa, nimeamini kwamba maswali hayo ndiyo ukarimu wao wenyewe, na kwamba ukitaka kulipima kundi la namna hii, tazama kama lina subira ya kumuuliza mgeni wa leo maswali yaleyale aliyoulizwa mgeni wa mwaka juzi.

Naandika nikiwa mtu aliyekulia Arusha, kando ya gereji ya mjomba wangu iliyokuwa ikihudumia Land Cruiser za kupeleka watalii mbugani. Pale dizeli ilikuwa kazi. Hakuna aliyetoa gari la kampuni Jumapili ili asikie tu mlio wa injini yake, na kama angekuwapo, mwenye kampuni angemtaka alipie mafuta. Huku wapo watu, wengi wao wakulima, mafundi wa umeme, waashi na wastaafu, ambao pikapu ya dizeli kwao ni chombo cha kazi siku za juma na ni mapenzi siku za mapumziko. Huizungumzia wakati wa chai, huipiga picha, hubishana juu ya oili yake, na pale rafiki wa rafiki anaponunua pikapu ya kwanza, huenda kuitazama wote pamoja, wakakizunguka chombo hicho kimya kimya huku mikono ikiwa mifukoni.

Maswali ya rangi ya moshi yana maana yake, na ni vizuri niyaeleze kidogo, maana hapo ndipo somo la kwanza la mgeni huanzia. Moshi mweusi ni mafuta mengi yaliyokosa hewa ya kuyachoma, kwa hiyo mkongwe atafikiria filta ya hewa iliyoziba, mpira uliopasuka wa turbo (mtambo unaosukuma hewa ndani ya injini), au nozeli inayomwaga badala ya kunyunyiza. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na unaelekeza kwenye ringi za pistoni au sili za turbo. Moshi mweupe una sura mbili: asubuhi ya baridi huweza kuwa dizeli ambayo haikuwaka, jambo ambalo hupita injini ikipata moto, lakini ukiendelea kutoka na ukawa na harufu ya utamutamu, hiyo ni kulanti, yaani maji ya rejeta, inayoingia kwenye silinda, na mwenye gari aanze kuweka akiba. Mambo haya yameandikwa kwenye vitabu vya ufundi, lakini kitabu hakimwambii mgeni ainame nyuma ya ekzosi na kunusa. Anayemwambia hivyo ni mtu aliyesimama kando yake.

Sababu ya watu hawa kuhitajiana kiasi hiki iko kwenye historia ya injini zenyewe. Pikapu kubwa za dizeli za Marekani zinatoka katika koo tatu. Dodge ilianza kutumia Cummins ya lita 5.9 katika magari ya mwaka 1989, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye nguvu za farasi 160 tu, ambayo asili yake ni ya malori ya wastani na mitambo ya kazi kuliko ya gari la mtu wa kawaida. Ford ilinunua injini zake kutoka kwa kampuni ya International, na ile iliyopata wapenzi wengi kuliko zote ni Power Stroke ya lita 7.3, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1994 hadi 2003. General Motors ilishirikiana na Isuzu, na kuanzia magari ya mwaka 2001 ikaleta Duramax ya lita 6.6, ambayo kiwanda chake kipo Moraine, mji ulio jirani na Dayton, humu humu Ohio. Injini hizi hudumu kuliko mabodi yanayozibeba. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji hula milango, fremu na mabomba ya breki, huku injini ikiwa imepita kilomita laki tano na bado ina hamu ya kazi. Matokeo yake ni kwamba gari hupita mikononi mwa mtu wa pili, wa tatu, hata wa tano, risiti za matengenezo hupotea njiani, na anayelinunua leo hurithi maradhi asiyoyajua kwa majina.

Na maradhi hayo yana majina, na yanajulikana kwa miaka. Katika Cummins nyingi za miaka ya 1990 kuna kipini kidogo cha chuma, kifupi kuliko kidole cha mwisho, ambacho kazi yake ni kulinganisha kasha la gia za taimingi na bloku, yaani mwili wa chuma wa injini, wakati wa kuunganisha injini kiwandani. Injini ikishafungwa, kipini hakina kazi tena, lakini mtetemo wa miaka mingi huweza kukilegeza taratibu hadi kikatoka tunduni. Kikibahatika hudondoka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kulala huko bila madhara. Kisipobahatika huingia katikati ya gia, na hapo kasha linaweza kupasuka, au mpangilio wa kamshafti, shafti inayofungua vali, ukaharibika kwa namna inayomaliza injini nzima. Dawa yake ni kibati kidogo kinachofungwa kwa bolti mbele ya tundu ili kipini kisitoke. Wapenzi walianza kukata vibati hivyo wenyewe, wakaazimana vifaa vya kuvutia puli na feni, wakaelekezana hatua kwa hatua, na mtu anaponunua gari la miaka hiyo, hata kabla ya kupongezwa huulizwa kama kipini kimeshawekewa kizuizi.

Cummins zilizofuata, zenye vali 24, ambazo ziliuzwa kuanzia mwaka 1998, zina pampu ya Bosch iitwayo VP44 inayopozwa na kulainishwa na dizeli ileile inayopita ndani yake. Pampu ndogo inayoisukumia mafuta ikichoka, gari huweza kuendelea kutembea kama kawaida huku VP44 ikifa polepole kwa kiu, na kuinunua upya ni zaidi ya dola 1,000 kabla hujamlipa fundi. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa mwenye gari hilo ni afunge geji ya presha ya mafuta mahali anapoiona akiwa anaendesha. Wenye Power Stroke ya 7.3 nao wana sensa ya mkao wa kamshafti, kitu cha ukubwa wa kidole gumba, ambayo ikifa injini huzimika palepale bila kuaga. Imeshikwa kwa bolti moja tu, na dawa yake ni kutembea na sensa ya akiba pamoja na spana namba 10 kwenye kisanduku cha dashibodi.

Nilipoamua kununua pikapu yangu, Dodge ya mwaka 2001, jirani alinitambulisha kwa mzee mmoja mstaafu aliyewahi kulima mahindi na soya, na huyo akakubali kunisindikiza. Alipofika, alisalimia, akaomba bonneti ifunguliwe, kisha kabla ya kuuliza chochote akaweka kiganja chake juu ya injini. Ilikuwa ya moto. Akamwambia mwenye gari kwa upole kabisa kwamba tungerudi kesho asubuhi, na kwamba tafadhali asiiwashe kabla hatujafika. Njiani akanieleza kwamba dizeli iliyokwisha kupashwa moto haina siri ya kumwambia mtu, kwa sababu ugumu wa kuwaka, moshi na milio yote ya kutia shaka huonekana katika dakika zile chache za mwanzo.

Kesho yake tulilikuta la baridi. Liliwaka kwa mzunguko mmoja wa stata, kisha nikaona sindano ya geji ya umeme inashuka, inapanda, inashuka tena, na taa zinafifia nayo. Nikamwonyesha mzee kwa jicho. Alicheka. Cummins, alisema, haina hita plagi, zile za kupasha moto ndani ya silinda, kama dizeli nilizozizoea; ina hita ya hewa kwenye njia ya kuingizia, nayo huendelea kuwaka na kuzima kwa muda baada ya injini kuwaka, na inanyonya umeme mwingi kiasi cha kuzitikisa taa, jambo ambalo limewafanya wageni wengi kununua alteneta wasiyoihitaji. Halafu akafungua kifuniko cha kujazia oili, akakigeuza chini juu na kukilaza juu ya tundu lake huku injini ikinguruma. Kilitetemeka kidogo na kutulia. Kingerushwa pembeni, ingekuwa dalili kwamba gesi ya mlipuko inapenya kwenye ringi na kushuka hadi kwenye sampu, na hapo safari yetu ingeishia. Mwisho akatandika kipande cha kadibodi chini, akalala chali akiwa na tochi, mtu wa umri ule, na kutafuta namba iliyochorwa kwenye chuma cha bloku. Baadhi ya injini za mwaka 1999 hadi 2001 zina namba 53, na bloku hizo zinajulikana kwa kupasuka ubavuni, kwenye njia za maji. Yetu haikuwa nayo. Aliinuka, akajipangusa, akaniambia bei niliyotajiwa inapunguzika, kisha akarudi garini kuniachia nizungumze mwenyewe.

Fedha ya mafuta aliikataa. Alichokubali ni mimi kwenda Jumamosi kumsaidia kupanga kuni za msimu wa baridi, na kwenye kuni hizo nilikutana na wenzake wanne ambao nao walikuwa wamekuja kwa deni la namna hiyohiyo. Nikajua basi jinsi hesabu zao zinavyokwenda: hakuna anayetoza, lakini hakuna anayesahau pia, na mgeni asiyejitokeza kupanga kuni hujibiwa kwa heshima mara ya pili, na kwa ufupi mara ya tatu.

Kuhusu ushindani wa koo hizi tatu, msomaji wa Tanzania hatapata taabu kuuelewa, maana ni utani mtupu, kama wa Wangoni na Wahehe au Wachaga na Wapare. Mwenye Ford atasema Cummins ni injini nzuri iliyosetiriwa kwa bati la biskuti. Mwenye Cummins atajibu kwamba Ford huuzwa pamoja na kamba ya kuvutia. Wa Duramax ataambiwa na wote wawili kwamba gari lake ni la kwendea ofisini. Mgeni huogopa akidhani pana ugomvi, naye hujaribu kuchagua upande haraka ili apate watetezi. Lakini kama ilivyo kwa mtani anayekuja msibani kuudhi wafiwa kwa vichekesho kisha akashika jembe na kuchimba kaburi, hawa nao wakisikia gari la mwenzao limekwama, wa kwanza kufika mara nyingi ni yule mwenye mdomo mrefu zaidi. Namfahamu mwenye Cummins mmoja ambaye kwenye kisanduku cha dashibodi yake hutembea na sensa ya kamshafti ya Power Stroke, gari ambalo hajawahi kulimiliki. Akiulizwa husema ni dawa ya kuwapa majirani. Ameshaitoa, na akanunua nyingine, na aliyeipokea akalazimika kusimama pale kando ya barabara akisikiliza hotuba nzima juu ya ubora wa silinda sita zilizopangwa mstari mmoja kabla ya kukabidhiwa ile spana namba 10.

Majira ya baridi ndiyo huwaleta wageni wengi kuliko wakati mwingine wowote. Dizeli ina nta ndani yake, na joto likishuka chini ya sifuri kwa nyuzi kama kumi, dizeli ya kawaida isiyochanganywa kwa ajili ya baridi huanza kufanya ukungu, kisha nta hiyo huganda na kuziba filta, na gari hufa likiwa na tangi lililojaa. Wenyeji huanza Novemba kuweka dawa ya chupa nyeupe kila wanapojaza mafuta, na huwa na chupa nyekundu nyuma ya kiti, ambayo ni ya kuyeyusha yaliyokwisha kuganda. Usiku huchomeka waya wa hita ya bloku kwenye umeme wa nyumba. Anayetoka Florida, au kwa jambo hilo anayetoka Arusha, hana njia ya kujua kwamba ule waya mfupi wenye plagi unaoning'inia mbele ya gari si uchafu uliosahauliwa na fundi. Asubuhi za Januari simu hupigwa tangu alfajiri, na pikapu moja iliyokwisha kuwaka huzunguka mtaani na nyaya za betri, filta mpya mbili tatu na chupa nyekundu, ikitoka nyumba hadi nyumba. Dereva wake huwa hashuki bila kumuuliza mgeni kama anaijua filta yake ilipo. Kama mgeni haijui, dereva haifungi yeye. Humpa spana mgeni, kisha humwelekeza na kumsubiri, hata kama vidole vya wote wawili vimekufa ganzi. Hili mimi naliona ni jambo kubwa, kwa kuwa kuifunga mwenyewe kungemchukua dakika tano na kumwelekeza mtu anayetetemeka kunachukua nusu saa.

Kiangazi kina mambo yake, na hapo sitakaa sana, ingawa maonyesho ya kilimo ya wilaya za Ohio ndiyo sherehe zao kubwa. Pikapu hushindana kuvuta sleji yenye kisanduku cha uzito kinachotambaa kwenda mbele kadiri gari linavyosonga, kikiukandamiza uso wa sleji ardhini hadi magurudumu yashindwe. Aliyefika futi 300, yaani karibu mita 91, amevuta njia nzima. Nimemwona kijana aliyekuja na gari la baba yake kwa mara ya kwanza, mpira wa turbo ukafyatuka kwenye maungio yake dakika chache kabla ya zamu yake, na watu watatu waliokuwa daraja moja naye wakaacha magari yao. Mmoja alipangusa oili iliyokuwa imeutelezesha mpira, wa pili akatoa klipu ya bolti ya kukazia mpira kutoka kwenye boksi lake la spea, wa tatu akaenda kumwomba mwamuzi ambadilishie zamu. Kijana alivuta, akashika nafasi ya pili kutoka mwisho. Wale watatu walimshinda wote, na mmoja wao akamdai klipu yake jioni ileile, maana klipu nzuri ni ghali.

Nisije nikaonekana nimewapaka asali watu hawa, upo upande ambao sioni sababu ya kuuficha. Wapo wakongwe ambao furaha yao ni kumdhalilisha anayeuliza. Humwambia akatafute mwenyewe, kwamba swali hilo limeshajibiwa mara elfu, kana kwamba mgeni alikuwapo mara hizo elfu. Nakubali kwamba maswali mengine yanachosha, na lile la oili gani ni bora, na kama dizeli ya siku hizi iliyopunguzwa salfa tangu mwaka 2006 inahitaji kuongezewa kilainishi kwa ajili ya pampu za zamani, limekwisha kuvunja urafiki wa watu wazima. Lakini mwenye kuchoka ana ruhusa ya kunyamaza. Dharau humfukuza mgeni, na mgeni aliyefukuzwa huenda kujifunza kwa wale wanaopenda kujibu upesi, ambao ndio hatari hasa.

Jibu lao la upesi ni moja: ng'oa vidhibiti vyote vya moshi, weka programu mpya kwenye kompyuta ya gari, na matatizo yataisha. Pikapu za kuanzia mwaka 2007 zina filta ya masizi kwenye ekzosi, na baadaye zikaongezewa mfumo wa kunyunyiza urea, na ni kweli kwamba vitu hivyo vikiharibika vinagharimu. Ni kweli pia kwamba kuviondoa ni kuvunja Sheria ya Hewa Safi ya Marekani. Mwaka 2020 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la nchi hii, EPA, lilikadiria kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeondolewa vidhibiti katika muda wa miaka kumi. Nyuma ya hesabu hiyo naona wageni wengi waliopewa ushauri kabla ya kuulizwa swali hata moja. Mgeni anaambiwa gari lake litakuwa na nguvu, haambiwi kwamba halitapita ukaguzi katika wilaya zenye ukaguzi, kwamba duka kubwa la magari litalikataa akitaka kulibadilisha, wala kwamba programu iliyowekwa ovyo huyeyusha pistoni. Halafu kuna wale wanaomwaga mafuta makusudi ili kumfukizia moshi mweusi mwendesha baiskeli. Mzee wangu wa kuni huwaita watoto, na wengine wao wana mvi. Yeye hulichukulia jambo hilo kiufundi zaidi kuliko kimaadili: moshi mweusi ni mafuta uliyolipia na hukuyatumia, na mtu anayejisifia hasara hana la kumfundisha mwenziwe.

Wengine wataniuliza kuhusu rangi yangu na lafudhi yangu, kwa kuwa mashamba ya Ohio si mahali ambapo Mwafrika anategemewa kuonekana chini ya pikapu. Nilitazamwa, ndiyo. Mara nyingine nilisemeshwa polepole mno, kama mtu asiyesikia. Sitasema kwamba injini huondoa mambo hayo, maana nimekutana na watu ambao hayakuwatoka. Ila niliona kwamba miongoni mwa wale wanaouliza maswali kabla ya kujibu, swali la nimetoka wapi halikuchukua muda kugeuka kuwa swali la kule tunaendesha nini. Na hapo nilikuwa na la kusema.

Toyota haikuwahi kuuza rasmi Land Cruiser za dizeli Marekani, kwa hiyo wapenzi wa huku wamezijua kwa picha tu, mpaka gari linapotimiza miaka 25, ambapo sheria inaruhusu kuliingiza nchini bila masharti ya usalama yanayozuia magari mapya ya nje. Mmoja wa wale watu wa kuni aliagiza kutoka Japani Land Cruiser ya miaka ya mwanzo ya 1990, usukani kulia, yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo. Hiyo ndiyo injini niliyokulia nayo. Gari lilipofika taa ya taimingi belti, mkanda unaozungusha kamshafti, ilikuwa inawaka kwenye dashibodi, naye hakuwa na mtu wa kumuuliza Ohio nzima isipokuwa mimi. Nikampigia mjomba.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona simu saa hizi, huko si usiku?"

Ilikuwa asubuhi kwetu, yeye anafunga gereji. Nilimweleza, nikaisogeza simu karibu na injini inayonguruma. Alisikiliza kwa muda. Kisha akaniagiza nimuulize mwenye gari kama anayo karatasi ya belti kubadilishwa, kwa sababu taa ile huwaka kwa kuhesabu kilomita 100,000, haiioni belti yenyewe, na huenda mwenye gari wa kwanza aliibadilisha akaiacha taa. Karatasi haikuwapo. "Basi asitembee nayo hata kwenda kanisani," akasema, "abadilishe belti na rola yake pamoja, asidanganywe kununua belti peke yake." Akaniuliza na maji yaliyo chini ya filta ya dizeli kama yameshamwagwa. Mwenye gari alikuwa ameshika daftari, anaandika kila neno ninalotafsiri.

Tangu hapo mjomba amekuwa mtu wa kundi lile bila kuvuka bahari. Hutumiwa video za milio, naye hujibu kwa sauti ndefu ambazo mimi hukaa usiku nikizitafsiri. Kutoka upande huu, mzee mstaafu amemrekodia jinsi ya kurekebisha vali za Cummins, na mara nyingi hawanihitaji, maana kidole kinachoelekeza bolti hakihitaji mkalimani. Sasa wamezama kwenye hoja moja. Mjomba ana Land Cruiser ambayo injini yake imekwisha kabisa, naye ameona kwamba kuna watu wanaofunga kwenye magari hayo Cummins ndogo ya silinda nne, ya lita 3.9. Mzee anasema injini hiyo ni nzito kwa springi za mbele, na inatetemeka kiasi cha kulegeza meno ya dereva, kwa hiyo ni heri atafute 1HZ nyingine. Mjomba hajakubali. Anadai mzee amezoea barabara za lami, na ameniagiza nimwombe vipimo vya mabano ya injini.